Sumaku ya kutuliza sauti vichwani: Matumaini yametangulia ushahidi

MTU anaposikia sauti ikimtukana, ikimtisha au ikimwamuru ajidhuru, ilhali hakuna aliyefungua kinywa karibu naye, jamaa zake hujikuta na maswali mengi kuliko majibu. Baadhi hukimbilia maombi, wengine huenda kwa mganga na wengine hospitalini. Wapo wanaozipitia njia zote hizo tatu, huku akiba ya nyumba ikiyeyuka na mgonjwa akizidi kujitenga.

Kuna njia ya nne ambayo imezungumziwa na madaktari kwa zaidi ya robo karne sasa. Nayo ni kuusisimua ubongo wenyewe kwa nguvu za sumaku au kwa mkondo hafifu wa umeme, bila kisu na bila nusukaputi, hadi sehemu inayodhaniwa kuzalisha sauti hizo itulie. Ni wazo linalovutia, hasa kwa familia ambayo imejaribu kila dawa bila mafanikio.

Je, tiba hii inafanya kazi? Majaribio yaliyofanywa tangu 1999 yanaonyesha kwamba si utapeli, lakini pia si mwarobaini. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa, kwa sababu mfa maji haachi kutapatapa, na wapo watu walio tayari kumuuzia chochote kinachoelea.

Skizofrenia ni mojawapo ya magonjwa mazito zaidi ya akili. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mnamo 2022 kuwa takriban watu milioni 24 walikuwa wakiugua maradhi hayo kote ulimwenguni, yaani mtu 1 kati ya kila 300. Kinyume na inavyodhaniwa na wengi, si ugonjwa wa mtu kuwa na nafsi mbili. Ni hali ambapo fikra, hisia na utambuzi wa mambo huvurugika, aghalabu kuanzia ujanani, wakati mtu anapotarajiwa kumaliza masomo, kutafuta kazi na kuanza familia.

Miongoni mwa dalili zake, maruweruwe ya sauti ndiyo yanayojulikana zaidi. Takriban wagonjwa 7 kati ya 10 huyapata. Kwa anayeyasikia, hayo si mawazo ya kupita. Sauti huwa na lafudhi, jinsia na tabia. Hujua siri zake, humkejeli anapovaa nguo, humkatiza anapozungumza na watu. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na asiyewahi kuishi na sauti hizo hawezi kukadiria uchovu wake.

Dawa za kwanza za kutibu hali hii zilipatikana mnamo 1952 katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris, pale madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kutumia kloropromazini. Dawa hiyo na zilizoifuata ziliwatoa maelfu ya watu katika hospitali za kuzuilia wagonjwa wa akili na kuwarejesha nyumbani. Hata hivyo, takriban robo ya wagonjwa huendelea kuzisikia sauti hata baada ya kumeza dawa kwa uaminifu.

Kwa kundi hilo, dawa iliyothibitika kuwa bora kuliko nyingine ni klozapini. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 1988 ukiongozwa na Dkt John Kane, asilimia 30 ya wagonjwa sugu waliotumia klozapini walipata nafuu, ikilinganishwa na asilimia 4 pekee ya waliopewa kloropromazini. Kasoro yake ni kwamba inaweza kupunguza chembechembe nyeupe za damu kwa kiwango cha kuhatarisha maisha, hivyo anayeitumia sharti apimwe damu mara kwa mara. Na hata kwa dawa hiyo, wapo ambao sauti hazinyamazi. Ni kwa ajili ya hao wa mwisho ambapo watafiti waligeukia sumaku.

Namna mtambo unavyofanya kazi

Msingi wa tiba hii ni ugunduzi wa mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday, ambaye mnamo 1831 alionyesha kuwa nguvu za sumaku zinazobadilika zinaweza kuzalisha umeme. Miaka 154 baadaye, 1985, Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, waliweka koili juu ya kichwa cha binadamu, wakapitisha umeme ndani yake kwa kasi, na vidole vya mtu huyo vikacheza bila yeye kuvichezesha. Nguvu za sumaku zilikuwa zimepenya fuvu bila maumivu makubwa na kuamsha seli za ubongo zinazoongoza mkono.

Watafiti walitambua baadaye kuwa mwendo wa mapigo hayo huleta tofauti. Yakitolewa kwa kasi, aghalabu huchangamsha sehemu ya ubongo inayolengwa. Yakitolewa polepole, pigo moja kila sekunde, huelekea kuituliza. Mgonjwa huketi kitini akiwa macho, masikio yakiwa yamezibwa kwa sababu koili hugonga kwa kelele, na baada ya kikao huondoka kwa miguu yake.

Ni muhimu kutochanganya tiba hii na ile ya kupitisha umeme kichwani hadi mgonjwa apate mtukutiko kama wa kifafa, iliyoanzishwa jijini Roma mnamo 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Tiba hiyo ya zamani ingali inatumika, siku hizi mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, na huwasaidia hasa wenye sonona kali. Sumaku hailengi kuleta mtukutiko. Ukitokea, ambavyo ni nadra, huhesabiwa kuwa ajali.

Lakini kwa nini sumaku ilengwe pale inapolengwa? Mnamo 1993, watafiti jijini London wakiongozwa na Philip McGuire walichunguza mzunguko wa damu katika ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti. Waligundua kwamba sehemu ya ubongo inayotumika katika kutunga maneno ilikuwa ikifanya kazi zaidi wakati sauti zikivuma. Ilikuwa ni kana kwamba mgonjwa alikuwa akizungumza kimoyomoyo bila kutambua kuwa msemaji ni yeye mwenyewe.

Nadharia iliyopata nguvu kutokana na uchunguzi wa aina hiyo ni hii: kila mtu huzungumza na nafsi yake, na kwa kawaida ubongo huweka alama kwenye maneno hayo ili yatambulike kuwa ya mwenyewe. Alama hiyo ikikosekana, maneno ya ndani hupokelewa kama ya mtu wa nje. Kwa hivyo, baadhi ya wataalamu waliwaza, ikiwa sehemu ya kushoto ya ubongo inayopokea na kufasiri maneno, iliyo juu kidogo ya sikio, itatulizwa, huenda sauti zikafifia.

Matumaini ya mwanzo

Aliyelifanyia kazi wazo hilo ni Dkt Ralph Hoffman wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mnamo 1999 aliripoti kuhusu wagonjwa watatu waliopata nafuu baada ya kupigwa mapigo ya polepole ya sumaku. Mwaka uliofuata, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wake wa wagonjwa 12, ambapo kila mmoja alipewa tiba halisi na pia tiba bandia kwa nyakati tofauti. Sauti zilipungua zaidi baada ya tiba halisi. Mnamo 2003 aliongeza idadi hadi wagonjwa 24, na takriban nusu ya waliopata tiba hiyo waliendelea kuwa na nafuu kwa angalau wiki 15.

Habari hizo zilisambaa. Vituo vingi barani Ulaya na kwingineko vilianzisha majaribio yao, mengi yakiwa na wagonjwa wachache, na mengi yakitoa majibu ya kutia moyo. Makala ya kujumlisha matokeo yaliandikwa, na ikaanza kuonekana kana kwamba suala limekwisha kuamuliwa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mnamo 2011, watafiti wa Uholanzi, Christina Slotema, Iris Sommer na wenzao, walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 62. Waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilipigwa sumaku mahali hasa palipoonekana kuchangamka kwenye picha za ubongo wa kila mgonjwa alipokuwa akisikia sauti. La pili lilipigwa mahali pa kawaida, upande wa kushoto. La tatu lilipewa tiba bandia. Baada ya vikao 15 vya dakika 20, waliopigwa sumaku halisi hawakuwa wamepata nafuu kuwazidi waliopewa bandia.

Mnamo 2015, jopo la watafiti wanaoandalia mtandao wa Cochrane tathmini za tiba mbalimbali lilikusanya tafiti 41 zilizohusisha watu 1,473 wenye skizofrenia. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ubora wa ushahidi uliokuwepo ulikuwa duni mno kuweza kuunga mkono au kupinga matumizi ya sumaku kwa uhakika.

Hali ni hiyo hiyo kwa upande wa umeme hafifu. Mnamo 2012, Jerome Brunelin na wenzake mjini Lyon, Ufaransa, waliwawekea wagonjwa 30 elektrodi kichwani, nusu yao wakipewa tiba bandia. Umeme ulipitishwa kwa dakika 20, mara mbili kwa siku, kwa siku tano. Sauti zilipungua kwa asilimia 31 miongoni mwa waliopata tiba halisi, na nafuu ikadumu hadi miezi mitatu. Majaribio yaliyofuata kwingineko yametoa majibu yanayokinzana.

Mwaka wa 2025, hospitali kadhaa za vyuo vikuu nchini Ujerumani, zikiongozwa na Christian Plewnia wa Tübingen, zilitoa matokeo ya jaribio la zaidi ya wagonjwa 100. Badala ya pigo moja kila sekunde, walitumia mapigo ya haraka yaliyopangwa kwa mafungu, na kuyaelekeza pande zote mbili za kichwa kwa wiki tatu. Safari hii tiba halisi iliishinda tiba bandia, ila kwa kiasi cha wastani. Walio wengi hawakuamka asubuhi moja na kukuta kimya. Sauti zilipungua makali, na kwa aliyeteseka kwa miaka mingi, hilo si jambo dogo.

Kwa nini majibu yanatofautiana

Msomaji anaweza kujiuliza inakuwaje wataalamu wenye mitambo sawa wafikie majibu tofauti. Sababu ya kwanza ni udogo wa majaribio ya mwanzo. Katika kundi la watu 12, wagonjwa wawili wakipata nafuu kwa bahati tu, hesabu yote hubadilika. Isitoshe, utafiti mdogo wenye majibu mazuri huchapishwa upesi, ilhali ule usio na jipya huishia kabatini.

Sababu ya pili ni ugumu wa kuunda tiba bandia. Koili bandia inaweza kugonga kwa kelele kama ile halisi, lakini koili halisi pia huivuta misuli ya kichwa. Mgonjwa anayehisi misuli ikivutwa hutambua kuwa amepata kitu halisi, na matumaini yake hupanda. Matumaini hayo peke yake huweza kuleta nafuu.

Sababu ya tatu inahusu maradhi yenyewe. Sauti huwa na misimu; huzidi na kupungua. Mtu hutafuta tiba zikiwa zimezidi, na hata asipofanyiwa lolote huenda zikapungua baada ya wiki chache. Tena hakuna uhakika kwamba sauti za wagonjwa wote hutoka sehemu moja ya ubongo. Fuvu la mmoja ni nene kuliko la mwingine, na dawa anazomeza mmoja sizo anazomeza mwenzake.

Fauka ya hayo, katika majaribio ya aina hii, hata anayepewa tiba bandia hupokewa na wauguzi karibu kila siku kwa wiki kadhaa, huulizwa sauti zimesema nini, na husikilizwa bila kuchekwa. Kwa mtu ambaye majirani humwita mwendawazimu na jamaa humfungia chumbani, jambo hilo pekee ni aina ya tiba.

Suala la ridhaa nalo ni zito. Baadhi ya wenye skizofrenia huamini kwamba kuna mtu anayewatumia ujumbe vichwani kwa mitambo. Kumwambia mgonjwa kama huyo aketi chini ya mtambo unaopenya ubongo wake kwahitaji subira na ukweli. Kumlazimisha ni kuithibitishia hofu yake.

Sauti za Accra na sauti za California

Isitoshe, sauti si zile zile kila mahali. Mnamo 2015, mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha mahojiano na watu 60 wenye maradhi haya, 20 katika kila mji: San Mateo huko California, Accra nchini Ghana na Chennai nchini India. Wamarekani walisimulia zaidi sauti za ukatili na kuziona kama ishara ya ubongo ulioharibika. Wengi wa Accra walisema wanamsikia Mungu. Wa Chennai walitaja sauti za jamaa, zikiwapa maagizo ya kazi za nyumbani.

Matokeo hayo hayamaanishi kuwa Waafrika hawaumizwi na sauti. Yanamaanisha kwamba daktari anayeuliza tu ni mara ngapi sauti inasikika na kwa ukubwa gani, bila kuuliza inasema nini na mgonjwa anaichukuliaje, anaweza kupima jambo lisilo sahihi.

Jaribio jingine la Afrika Magharibi linafaa kutiliwa maanani. Mnamo 2020, Profesa Oye Gureje wa Ibadan, Nigeria, na wenzake walichapisha katika Lancet matokeo ya mpango uliowahusisha wagonjwa 307 nchini Ghana na Nigeria. Wahudumu wa afya wa ngazi za chini walishirikiana na waganga wa kienyeji na viongozi wa maombi. Dawa zilitolewa huko huko waliko wagonjwa. Baada ya miezi sita, wagonjwa waliohudumiwa kwa ushirikiano huo walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida. Hapakuwa na mtambo wowote wa sumaku.

Kwa Kenya, mafunzo ni bayana. Hospitali ya Mathari, ambayo historia yake kama hospitali ya wagonjwa wa akili inaanzia 1910, imebeba mzigo wa taifa zima kwa zaidi ya karne. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mnamo 2020 kwamba matatizo ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mnamo 2022, na sasa serikali za kaunti zina wajibu wa kutoa huduma hizo karibu na wananchi.

Serikali inayotaka kuonekana ikifanya kazi inaweza kushawishika kununua mtambo, kuuzindua mbele ya kamera na kuuacha ukae bila mtaalamu. Lakini kwa mgonjwa ambaye hajawahi kupewa dawa mbili tofauti kwa kipimo na muda unaofaa, wala hajawahi kupewa klozapini kwa kuwa hospitali iliyo karibu haipimi damu, sumaku si hatua inayofuata. WHO inasema chini ya theluthi moja ya watu wenye magonjwa ya aina hii duniani ndio wanaohudumiwa na wataalamu wa afya ya akili. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa koili.

Hii haina maana kwamba sumaku itupiliwe mbali. Mahali pake, kwa sasa, ni katika hospitali za kufundishia madaktari, chini ya utafiti unaosimamiwa na kamati za maadili, na kwa wagonjwa ambao njia nyingine zimeshindwa. Wagonjwa wa Kiafrika nao wana haki ya kushiriki katika utafiti, badala ya kungoja mabaki ya majibu ya Ulaya.

Kwa familia inayoelezwa kuhusu tiba hii na kuombwa pesa, yako mambo ya kuuliza kabla ya kutia saini. La kwanza ni iwapo kibali kinachoonyeshwa ni cha ugonjwa unaotibiwa. Mamlaka ya dawa nchini Marekani (FDA) iliidhinisha sumaku kwa sonona mnamo 2008, na baadaye kwa maradhi mengine machache, lakini haijaiidhinisha kwa sauti za skizofrenia. Anayetumia cheti cha sonona kuuza tiba ya sauti anachanganya mambo mawili.

La pili ni iwapo mgonjwa ameulizwa kuhusu kifafa, vyuma vilivyomo kichwani, vifaa vya kusaidia usikivu vilivyopandikizwa au kidhibiti cha mapigo ya moyo. Maumivu ya kichwa hutokea mara nyingi na hupita, lakini kwa wenye hali hizo hatari huwa kubwa zaidi.

La tatu, na ambalo ni zito kuliko yote, ni iwapo ataambiwa aache dawa. Kwa kawaida, washiriki wa majaribio haya waliendelea kumeza dawa zao. Sumaku iliongezwa juu yake. Yeyote anayemwahidi mzazi kwamba mtoto wake atatupa dawa baada ya vikao kadhaa hana utafiti wa kumuunga mkono, na mgonjwa akirudiwa na maradhi baada ya kuziacha, si muuzaji wa mtambo atakayekesha naye usiku.